Gari Bovu na Kesi ya Pamoja: Nani Hulipwa, Nani Huachwa Nje



Tawi letu moja la upande wa Nchelenge limetuletea swali, nasi tumeona afadhali lijibiwe katika ukurasa huu ili jibu liwafae wote. Wanachama saba waliunganisha akiba zao, wakaongeza na mkopo, wakanunua basi dogo lililotumika, lililoingia kutoka Japani kwa njia ya Dar es Salaam na Nakonde. Nia yao ilikuwa libebe abiria na magunia ya chisense, yaani dagaa wa Ziwa Mweru, kutoka Kashikishi mpaka Mansa. Walihesabu kwamba msimu mmoja wa uvuvi, tangu Machi mpaka mwisho wa Novemba, ungetosha kulipa deni kabla ya ziwa kufungwa. Mwezi wa pili injini ikaanza kuchemka. Wakabadilisha rejeta, ikachemka tena. Wakabadilisha pampu ya maji, ikachemka tena. Sasa basi limesimama chini ya mwembe, na kila mwisho wa mwezi deni linakatwa katika mishahara yao kama kwamba basi linatembea.

Fundi aliyeifungua injini amewaambia kwamba hilo ni kosa la kiwandani, kwani amekwisha kufungua nyingine tatu za aina hiyo hiyo zenye ufa mahali pale pale. Ndugu zetu wanauliza: "Tumesikia kwamba huko Marekani wenye magari mabovu huishtaki kampuni kwa pamoja wakalipwa. Je, na sisi tumo?"

Jibu fupi ni hili: katika fedha za Marekani hamumo. Lakini msiuweke ukurasa huu chini, kwa sababu katika barua yenu lipo jambo moja lenye thamani kubwa ambalo ninyi wenyewe hamkulitilia maanani. Tutalifikia.

Kesi ya pamoja ni kitu gani?

Tuanze na hesabu. Tuseme kiwanda kimetoa magari laki moja yenye ubovu mmoja, na kila mwenye gari amepata hasara ya mishahara ya miezi miwili. Mtu mmoja akienda kwa wakili, ada ya wakili peke yake itazidi hasara yake. Kwa hiyo anakaa kimya. Wa pili naye anakaa kimya. Hatimaye watu laki moja wamekaa kimya, na kiwanda kimebaki na faida. Hesabu hii hata sisi tunaijua tangu zamani kazini: mfanyakazi mmoja anayedai posho yake huonekana mkorofi, bali wafanyakazi elfu wanaodai posho ile ile huitwa mezani.

Kesi ya pamoja ni njia ya kisheria ya kuwaita watu hao laki moja wawe mdai mmoja. Wachache wao husimama mbele kwa niaba ya wote, wakili huchukua kazi hiyo kwa matumaini ya kulipwa baadaye, na hukumu au mapatano huwafunga wote. Nyingi ya kesi hizi haziishi kwa hukumu, huishi kwa suluhu. Kampuni hukubali kulipa kiasi fulani au kutengeneza magari bure, nayo huandika kwamba haikiri kosa lolote. Wadai nao huahidi kutoishtaki tena kwa jambo hilo. Huko Marekani hakimu lazima aipime suluhu hiyo kama ni ya haki kabla haijawa na nguvu.

Ziko namna mbili za kuingia katika kundi. Katika kesi za Marekani za namna hii, kila anayeingia katika maelezo ya kundi huhesabiwa ndani mpaka yeye mwenyewe aandike kwamba anajitoa. Katika kesi kubwa za magari huko Uingereza, mtu hakuhesabiwa ndani mpaka ajiandikishe. Mfano mzuri ni wa Volkswagen. Mwaka 2015 iligunduliwa kwamba magari yake ya dizeli yalikuwa na programu iliyotambua pale gari linapopimwa moshi, ikapunguza moshi wakati wa kipimo tu. Marekani suluhu ya mwaka 2016 ilifikia hadi dola bilioni 14.7 kwa magari yapatayo 475,000, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa ya kuyanunua tena magari hayo na kuwalipa wenyewe. Huko Uingereza ilibidi kungoja mpaka Mei 2022, ndipo wadai wapatao 91,000 walipopata pauni milioni 193. Ubovu ulikuwa mmoja, kiwanda kimoja, lakini mwenye gari wa nchi moja alilipwa mapema na wa nchi nyingine akangoja miaka, na wa nchi ya tatu hakulipwa kabisa. Tofauti haikuwa katika gari. Ilikuwa katika sheria ya nchi na katika watu kujipanga.

Fedha hazimfuati mtu nyumbani

Wengi hudhani kwamba suluhu ikitangazwa, fedha hugawanywa kama mshahara. Sivyo. Suluhu hutaja ni gari la aina gani, la miaka gani, lililonunuliwa wapi, na mwisho wa kuleta madai ni tarehe gani. Mwenye gari hujaza fomu, huambatisha risiti za matengenezo na karatasi za umiliki, huzituma kabla ya tarehe hiyo. Aliyechelewa siku moja anaweza kukosa yote. Asiyeweka risiti hupata kidogo au hapati kitu. Mawakili nao hukatiwa sehemu yao, ambayo huko Marekani mara nyingi huwa robo mpaka theluthi ya fedha zote. Kwa hiyo mabilioni yanayosikika redioni yakifika mkononi mwa mtu mmoja huwa dola mia chache tu, au matengenezo ya bure.

Kwa nini sisi hatumo?

Kundi la wadai huchorwa kwa mipaka ya nchi. Suluhu ya Marekani ni ya walionunua au kukodi gari huko Marekani. Basi lenu lilinunuliwa jipya na mtu wa Japani, likauzwa mnadani, likapandishwa melini, likashuka Dar es Salaam, likafika ziwani likiwa mikononi mwa mwenye tatu au nne. Kampuni iliyolitengeneza haiwajui ninyi. Barua ya kuonya juu ya ubovu, kama ilitumwa, ilikwenda kwa mwenye gari wa kwanza.

Hapa pana hatari kubwa kuliko fedha. Chukueni mfano wa mifuko ya hewa ya Takata, ile inayofunguka katika usukani gari linapogonga ili kumkinga dereva. Kampuni hii ya Japani ilitumia baruti ya amonia naitreti kuijaza mifuko hewa kwa haraka. Baruti hiyo huharibika ikikaa miaka mingi katika joto na unyevu, na siku ya ajali hulipuka kwa nguvu kupita kiasi, ikapasua kikopo chake cha chuma na kurusha vipande usoni mwa dereva. Zaidi ya watu 30 duniani wamekufa kwa sababu hiyo, wengine katika ajali ndogo ambazo wangetoka salama. Marekani peke yake mifuko ipatayo milioni 67 iliamriwa ibadilishwe. Takata ilifilisika Juni 2017, na mwezi mmoja kabla ya hapo Toyota, Subaru, Mazda na BMW zilikubali suluhu ya dola milioni 553 kwa wenye magari wa Marekani.

Joto na unyevu, ndugu zangu, ndivyo vitu tulivyo navyo kwa wingi katika mwambao wa Mweru. Gari la zamani lililotoka Japani likiwa na mfuko usiobadilishwa linaendelea kuzeeka hapa kila msimu wa mvua.

Lakini kuna tofauti ambayo kila mmoja wetu aielewe. Fedha za suluhu humfuata mtu aliyemo katika kundi. Matengenezo ya usalama, yaani pale kiwanda kinapoyaita magari yarudishwe yarekebishwe, kwa kawaida hulifuata gari, nayo hufanywa bure. Kila gari lina namba ya chesisi, nayo imo katika kitabu cha gari. Kwa namba hiyo mtu anaweza kuuliza kwa wakala wa kiwanda aliye nchini, au kutazama katika mtandao wa kiwanda chenyewe, kama gari lake liliwahi kuitwa na kama lilitengenezwa. Wakala wa hapa anaweza kusita kwa sababu gari hakuliuza yeye. Akisita, mwombeni jibu lake kwa maandishi.

Mifano ya karibu na kwetu

Msidhani kwamba mambo haya ni ya Wazungu tu. Huko Afrika Kusini magari mengi ya aina ya Ford Kuga yenye injini ya lita 1.6 yalishika moto. Wenye magari walianza kutafutana wao kwa wao, wakalinganisha habari, wakaenda kwenye Tume ya Taifa ya Walaji na kwenye magazeti. Januari 2017 kampuni iliita magari 4,556 yarudishwe, ikaeleza kwamba injini ilikuwa ikipata joto kupita kiasi kwa upungufu wa mzunguko wa maji, kichwa cha silinda kikapasuka na oili ikavuja juu ya injini yenye moto. Mwishoni mwa 2019 ilifikiwa suluhu baina ya kampuni na Tume: faini ya randi milioni 35, na randi 50,000 kwa kila mlalamikaji ambaye gari lake liliungua. Waliopata malipo hayo ni wale ambao majina yao yalikuwa katika daftari la Tume. Aliyeunguliwa gari akanung'unika nyumbani hakuwamo.

Hapa Zambia hatuna kesi kubwa ya magari ya kutolea mfano, lakini tunazo kesi mbili za Chingola ambazo kila mwanachama angepaswa kuzijua. Novemba 2006 maji machafu ya mgodi wa Konkola Copper Mines yaliingia katika mto Kafue na vijito vyake. Watu wapatao elfu mbili walishtaki pamoja, na mwaka 2011 Mahakama Kuu iliamuru walipwe jumla ya kwacha bilioni kumi za zamani. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba mgodi ulikosa. Lakini fidia ikawabakia watu 12 tu, wale walioleta vyeti vya daktari. Hebu fikirini: watu elfu mbili walikuwa na haki, na 12 walikuwa na karatasi.

Kesi ya pili ilipelekwa London mwaka 2015 dhidi ya kampuni mama, Vedanta. Wanakijiji 1,826 waliambiwa kwamba hapo si mahali pao. Tarehe 10 Aprili 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema wanaweza kusikilizwa huko, na sababu kubwa ilikuwa kwamba nyumbani wasingepata fedha wala mawakili wa kuendesha kesi kubwa namna hiyo. Januari 2021 yalifanyika mapatano kwa wadai zaidi ya 2,500, bila kampuni kukiri kosa. Kesi ya kwanza inatufundisha kuweka karatasi. Ya pili inatufundisha kwamba kundi lisilovunjika kwa miaka sita huweza kulifikia lango la mwenye mali hata akiwa ng'ambo.

Sheria ya nyumbani inasemaje?

Zambia ina Sheria ya Ushindani na Ulinzi wa Walaji namba 24 ya mwaka 2010. Sheria hii inamkataza mfanyabiashara kumpa mteja bidhaa yenye ubovu au isiyofaa kwa kazi yake, na inazungumzia kurudisha fedha au kubadilisha bidhaa ndani ya siku 7. Inakataza pia lile tangazo mnaloliona madukani kwamba mali ikiuzwa hairudishwi. Malalamiko hupelekwa kwenye Tume ya Ushindani na Ulinzi wa Walaji, na mlalamikaji hahitaji wakili. Angalieni hizo siku 7. Ndugu zetu walikaa wiki nyingi wakijaribu rejeta na pampu kabla hawajamwandikia muuzaji neno lolote. Wamejipunguzia nguvu, ingawa hawakuipoteza yote, maana mwenye kuuziwa kitu kisichofaa anaweza bado kudai fidia mahakamani.

Tena, kesi ya pamoja si kitu kigeni katika sheria zetu. Kanuni za Mahakama Kuu ya Zambia huruhusu mtu mmoja au wachache kushtaki kwa niaba ya wengine wenye dai moja, na Tanzania, Kenya na Uganda zina kanuni ya namna hiyo hiyo. Kenya imekwenda mbele zaidi: sheria yake ya kulinda walaji ya mwaka 2012 inasema mlaji anaweza kujiunga katika kesi ya kundi hata kama mkataba aliotia sahihi unamkataza. Kwa hiyo mlango upo. Unaopungua ni umoja wa kuusukuma.

Na yule asiye na gari?

Wengi wetu hatuna gari hata la mtumba. Sisi ni wale tunaopakiwa alfajiri nyuma ya lori kwenda mashambani, au tunaoendesha magari ya mwajiri. Ndugu, fahamuni kwamba suluhu ya wenye magari humlipa mwenye gari. Mwajiri anaweza kulipwa kwa lori lenye breki mbovu, na mfanyakazi aliyevunjika mguu ndani ya lori hilo asitajwe. Dai la mfanyakazi ni jingine: ni fidia ya kuumia kazini, ambayo Zambia hupitia Bodi ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, wala haimlazimishi kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea. Dereva anapogundua ubovu aandike katika daftari la gari, tarehe na neno, na nakala abaki nayo mwenyewe au ampe katibu wa tawi. Neno la mdomo hufa siku ya ajali.

Sasa nini kifanywe?

1. Kabla ya kununua, andikeni namba ya chesisi na kuulizia kama gari limewahi kuitwa na kiwanda. Kuuliza hakugharimu kama kununua injini.

2. Siku ya kununua, dai risiti yenye jina la muuzaji, tarehe, bei, na namba ya chesisi. Karatasi isiyo na namba hiyo inaweza kuwa ya gari lolote.

3. Ubovu ukionekana, mwandikieni muuzaji siku ile ile kabla ya kumwita fundi. Fundi naye atoe maelezo yake kwa maandishi na kutia sahihi. Kilichovunjika msikitupe wala msikiuze kuwa chuma chakavu, kwa maana ndicho shahidi wenu.

4. Pelekeni malalamiko kwenye Tume kwa pamoja, kila mmoja na karatasi zake.

5. Mkiletewa mapatano, someni kabla ya kutia sahihi. Ulizeni mambo matatu: tunapata nini, wakili anachukua kiasi gani, na haki gani tunaiacha. Mtu akiwaomba fedha mbele ili awaingize katika suluhu ya ng'ambo, mjue kwamba ni mwizi.

Turudi sasa kwa ndugu zetu saba na lile jambo tulilosema wanalo bila kulitilia maanani. Wameandika kwamba fundi amefungua injini nyingine tatu zenye ufa mahali pale pale. Je, wenye magari hayo matatu ni akina nani? Wanakaa wapi? Waliuziwa na nani? Labda mmoja ni mchuuzi wa Mwense, mwingine ni dereva wa Kawambwa. Kila mmoja wao yuko nyumbani anadhani kwamba bahati yake ni mbaya. Wakionana, itajulikana kwamba si bahati.

Basi tunaishauri halmashauri ya tawi iende kwa fundi huyo wiki hii, siyo wiki ijayo, iombe majina kwa ruhusa ya wenyewe, na iitishe kikao Kashikishi. Kila mmoja aje na kitabu cha gari, risiti na maelezo ya fundi. Wakikutwa wameuziwa na mtu mmoja, barua ya malalamiko iwe moja yenye sahihi zote na karatasi zote. Hatuwaahidi kwamba basi litatembea kabla ya Desemba, maana Tume ina taratibu zake na muuzaji ana mawakili wake. Tunachojua ni kwamba magari manne yenye ufa mmoja hayawezi kuambiwa kwamba yameharibiwa na dereva.

Matawi mengine yenye magari ya namna hiyo yatuletee habari kwa katibu. Umoja ni nguvu, utengano ni udhaifu.